Taa za kuzama darini: kuziba hewa ni kazi moja, kuzuia joto ni nyingine

Kwa aliye sebuleni, taa ya kuzama ni duara safi la mwanga. Kwa aliyepanda darini na tochi, ni kopo la bati lililopenyezwa kwenye tundu. Ubavuni lina matundu madogo, kati yake na bodi ya jipsamu kuna mwanya, na sufi ya kuzuia joto imesukumwa pembeni ili isiliguse. Mahali hapo dari imeacha kufanya kazi zake mbili kwa wakati mmoja: haizuii hewa, na haizuii joto.

Kazi hizo mbili huchanganywa sana, hata na mafundi. Mtu akiona ubaridi unashuka kutoka kwenye taa, anapanda na kurundika sufi juu yake. Hewa inaendelea kupita, kwa sababu sufi ya glasi ni kichujio tu: inanasa vumbi na kuiachia hewa. Na sasa kopo lililohitaji kupumua limefunikwa blanketi. Tatizo la kwanza halijaisha, na la pili, la moto, limeanza. Ndiyo maana mpangilio ni huu siku zote: kwanza ijue taa yenyewe, kisha ziba hewa, halafu ndipo utandike sufi.

Tundu dogo, hasara kubwa

Katika nyumba inayopashwa joto, hewa ya ndani hupanda na kuisukuma dari, huku hewa ya baridi ikiingia kwa chini, milangoni na madirishani, kujaza nafasi. Msukumo wenyewe ni mdogo. Nyumba ya ghorofa moja juu ya chini, yenye kimo cha mita 5 na tofauti ya nyuzi 20 za Selsiasi kati ya ndani na nje, hupata shinikizo la kama paskali 2 kwenye dari ya juu. Mkono hauhisi kitu. Ila msukumo huo haulali. Kopo la zamani ambalo mianya yake yote kwa pamoja ina sentimita za mraba 10 litapitisha karibu mita za ujazo 4 za hewa kwa saa. Zikiwa taa 20, ni karibu mita za ujazo 80 kila saa. Jumla ya mianya hiyo ni sawa na tundu la sentimita 14 kwa 14 lililotobolewa darini na kuachwa wazi msimu mzima.

Hewa hiyo haitoki mikono mitupu. Inabeba mvuke wa jikoni na bafuni, nao ukifika kwenye mbao baridi za paa hugeuka maji. Miezi michache baadaye kuna ukungu kwenye kenchi, na mwenye nyumba anamwita fundi wa paa kutafuta bati linalovuja.

Kwenye joto mambo hugeuka. Chumba chenye kiyoyozi kina hewa nzito ya baridi inayotafuta kutokea chini, na juu yake hewa ya darini, ambayo chini ya bati la jua kali huweza kupita nyuzi 50, huvutwa ndani kupitia taa zile zile. Inakuja na vumbi, harufu na unyevu. Unyevu huo ukigusa kopo lililopozwa na kiyoyozi, matone hujikusanya kwenye ukingo wa taa na kuacha alama ya duara ya rangi ya chai. Hapa tena fundi wa paa hulaumiwa bure.

Sasa joto lenyewe. Chukua dari ya mita za mraba 100 iliyotandikwa sufi inayoshusha upotevu hadi wati 0.2 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Dari nzima inapoteza wati 20 kwa nyuzi. Weka taa 20 za milimita 150, kila moja ikiachiwa nafasi ya milimita 75 kuizunguka bila sufi. Kila taa sasa ina duara tupu la milimita 300, na duara zote 20 hazifiki mita za mraba 1.5. Lakini sehemu tupu hupoteza kama mara kumi ya sehemu iliyofunikwa, yaani wati 2 kwa mita ya mraba. Piga hesabu: jumla inapanda kutoka wati 20 hadi karibu 22.5. Asilimia moja na nusu ya eneo imeongeza upotevu wa dari nzima kwa zaidi ya asilimia 12, na hapo hewa inayovuja bado haijahesabiwa.

Lebo nne, maswali manne

Sehemu inayowachanganya wengi zaidi ni alama zilizo kwenye taa. Zima umeme, toa balbu, mulika ndani ya kopo na usome. Kila alama hujibu swali lake moja tu, na haijibu la jirani yake.

Alama ya IC inasema kopo linaweza kuguswa na kufunikwa na sufi. Iliyojengwa hivyo mara nyingi ni kopo ndani ya kopo, la nje likibaki na joto la chini. Isiyo na alama hiyo, au iliyoandikwa "non-IC", inategemea hewa inayoizunguka ili ipoe. Kanuni ya umeme ya Marekani inataka sufi ikae angalau inchi 3, yaani kama milimita 76, mbali na kopo la aina hiyo, na isiwekwe juu yake kwa namna ya kunasa joto. Mbao nazo zikae angalau nusu inchi. Australia na Nyuzilandi zina mgawanyo wao wa alama. Kwenye taa nyingi za Ulaya hakuna herufi. Kuna mchoro wa taa iliyofunikwa, umepigwa msalaba. Maana yake usifunike.

Alama ya kutopitisha hewa ni swali jingine kabisa. Marekani taa ya namna hiyo hupimwa kwa utaratibu uitwao ASTM E283, na kikomo chake ni futi za ujazo 2 kwa dakika kwenye shinikizo la paskali 75, ambazo ni kama mita za ujazo 3.4 kwa saa. Linganisha na kopo la zamani la hapo juu: lilipitisha kiasi kikubwa kuliko hicho kwa paskali 2 tu. Kopo linaweza kuwa na IC bila kuwa na sifa hii. Na nyingi za zamani ndivyo zilivyo: salama kufunikwa, ila zinavuja kama chujio.

IP65 ndiyo inayodanganya kuliko zote. Inahusu vumbi na maji ya kurushwa upande wa uso wa taa, ndiyo maana huwekwa juu ya bafu. Haisemi lolote kuhusu mwanya kati ya kopo na bodi, wala kama taa inavumilia sufi.

Mwisho ni kuhimili moto kwa dakika 30, 60 au 90. Hiyo ni ahadi kwamba moto wa chumbani hautapenya kwenye tundu la taa kabla ya muda huo, na ina maana pale dari inapotenganisha ghorofa au makazi ya watu wawili. Taa inaweza kuzuia moto kwa saa nzima na bado ikaungua yenyewe kwa kufunikwa.

Kama lebo imefutika au haipo, ichukulie taa kuwa haifunikiki. Usiifanyie majaribio.

Ukweli kuhusu balbu za LED

Balbu ya zamani ya wati 65 hugeuza zaidi ya tisa ya kumi ya umeme wake kuwa joto. LED inayotoa mwanga sawa na huo hutumia wati 9 hadi 12. Kwa hiyo swali hili haliepukiki: nikiweka LED ndani ya kopo la non-IC, naweza kulifunika?

Hapana. Kopo linahukumiwa kwa lebo yake, si kwa balbu iliyomo leo. Holda ni ile ile, na miaka mitatu ijayo mpangaji ataweka balbu yoyote atakayoikuta dukani. Tena LED yenyewe haipendi joto. Hutoa joto lake kwa nyuma, kwenye kipoza, na draiva, yaani kifaa cha kielektroniki kinachoilisha umeme, ikipikwa hufa mapema. Ahadi ya saa 25,000 kwenye boksi haikuandikwa kwa balbu iliyofungiwa kwenye kopo lisilopitisha hewa. Kwa kopo lililofungwa, tafuta balbu iliyoandikwa wazi kuwa inafaa kwa taa zilizofungwa.

Njia tatu, kwa mpangilio wa ubora

Njia bora ni kuiondoa taa ya kuzama. Dari yenye sufi juu yake haikukusudiwa kutobolewa mara 20. Toa kopo, ziba tundu kwa kipande cha bodi ya jipsamu na uweke taa ya kubandikwa usoni. Tundu linalobaki ni la waya tu, la milimita 10 hivi, na silikoni kidogo inalimaliza. Fundi umeme asiache kiungo cha nyaya kikielea chini ya sufi: kikae ndani ya boksi lake lenye kifuniko, mahali panapofikika.

Njia ya pili ni kubadilisha kopo kwa taa nyembamba ya LED yenye alama mbili, IC na ya kutopitisha hewa. Nyingi hazizidi milimita 15 unene, na boksi dogo la draiva hukaa pembeni juu ya bodi. Springi zake mbili huivuta taa juu na kuibana gasketi, yaani pete laini ya kuzibia, kwenye uso wa dari. Hapo ndipo kazi huharibika. Gasketi inataka uso laini. Tundu likikatwa kubwa kwa milimita 5 au 6 kuliko kipimo, duara la nje bado litaficha kosa, lakini gasketi itakuwa inabana hewa tupu upande mmoja. Tumia msumeno wa duara wa kipimo kilichoandikwa, si kisu na jicho. Dari yenye rangi ya chenga au plasta ya mawimbi ilainishwe kwa putty upana wa vidole viwili kuzunguka tundu kabla ya kupandisha taa.

Kama kopo lililopo lina IC na hutaki kuling'oa, kuna kifaa cha LED kinachoingia ndani yake: kinafungwa kwenye holda na kuja na uso wenye gasketi. Kinasaidia kwa sharti moja ambalo wengi hulisahau. Ziba kwanza mwanya kati ya ukingo wa kopo na bodi. Kama ni chini ya milimita 6, silikoni inatosha. Ukizidi, tia kwanza kamba ya foamu au putty ya jipsamu, kisha silikoni juu yake. Usipofanya hivyo, gasketi inaziba mdomo wa kopo huku hewa ikipita nje ya kopo, nyuma ya duara, kama kawaida.

Njia ya tatu ni kujenga boksi juu ya taa. Ni ya taa zisizoweza kubadilishwa kwa sasa, na ina kanuni zake.

Kujenga boksi

Zima umeme kwenye saketi breka na uhakikishe kwa testa. Swichi ya ukutani haitoshi, kwa sababu waya hai unaweza kufika kwenye taa hata swichi ikiwa imezimwa. Vaa barakoa, miwani na glavu, na kanyaga boriti peke yake. Katika nyumba ya zamani ambayo dari au kihami chake kinaweza kuwa na asbestosi, usiguse kitu kabla hakijapimwa.

Boksi la nje lenye upana wa milimita 400 kwa 400 na kimo cha 350, likijengwa kwa bodi ya jipsamu ya milimita 12.5, linabaki na nafasi ya ndani ya 375. Kopo la milimita 150 likikaa katikati linapata zaidi ya milimita 110 kila upande, kiasi kinachotosha. Kimo kipimwe kutoka kwenye kopo lenyewe, ukiacha angalau milimita 75 juu yake. Ambapo boriti zimekaribiana kuliko upana huo, boriti mbili zinaweza kuwa kuta mbili za boksi, mradi umbali wa kopo hadi kwenye mbao unatimiza lebo.

Boksi moja linakula mita za mraba 0.72 za bodi. Bodi ya 1.2 kwa 2.4 ina 2.88, kwa hiyo kalamu inasema maboksi manne kamili. Kisu kinasema matatu, maana vipande havikatiki bila mabaki. Viungo vyote, vya chini, vya pembe na vya mfuniko, pamoja na mstari wa pili wa nje kule chini, vina urefu wa karibu mita 6.2; tyubu ya silikoni ya mililita 300 ikitolewa kwa unene wa milimita 6 hutoa kama mita 10, basi hesabu tyubu mbili kwa maboksi matatu.

Safisha bodi ya dari mahali boksi litakapokaa. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu na usubiri pakauke. Silikoni juu ya vumbi hushika vumbi, haishiki dari. Weka mstari wa silikoni, shusha boksi, likandamize, kisha pitisha mstari wa pili kwa nje. Waya unapoingilia, kata nafasi ndogo kwenye ukingo wa chini wa boksi na uizibe kwa silikoni inayovumilia joto. Usitumie foamu ya kupuliza ndani ya boksi wala kwenye kopo: nyingi ni za poliurethani, zinashika moto, na zikigusa kopo zinakuwa sufi ya kulibana.

Mfuniko ndio mtego. Kwa taa isiyo ya IC, sufi inaweza kufika kwenye kuta za nje za boksi, lakini mfuniko ubaki mtupu, wa jipsamu pekee, ili joto lipate pa kutokea. Ukiufunika mfuniko umetengeneza tanuri. Ndiyo, hiyo inaacha sehemu yenye upotevu juu ya kila taa, na ndiyo sababu njia hii ni ya tatu. Boksi linaziba hewa vizuri; joto linalizuia kwa nusu tu. Vifuniko vya kiwandani vya sufi ya mwamba huokoa muda, ila soma kikomo chake cha wati na umbali kinaoutaka kabla ya kuamini kwamba kinafaa kwa kopo ulilonalo.

Sufi na nyaya

Hewa ikishazibwa, kutandika sufi ni kazi nyepesi. Kata blanketi lizunguke boksi au taa kwa kubana, bila kulikunja: sufi ya milimita 100 iliyokandamizwa hadi 50 inapoteza karibu nusu ya uwezo wake. Sufi ya kumwagwa, hasa ya karatasi, iwekewe ukuta mdogo wa bati au bodi kuzunguka taa zisizofunikika, maana huteleza polepole na upepo wa darini hadi kwenye kopo.

Nyaya nazo zina la kusema. Waya uliozikwa kabisa ndani ya sufi hauwezi kubeba mkondo ule ule kwa usalama. Kanuni za Uingereza hupunguza uwezo wake hadi nusu ukifunikwa pande zote kwa nusu mita au zaidi. Kwa saketi ya taa za LED mzigo ni mdogo na mara nyingi hakuna tatizo, lakini waya wa jiko au wa hita ya maji unaopita njia hiyo hiyo unyanyuliwe juu ya sufi. Na usiache waya wenye ganda la PVC ulale juu ya foamu nyeupe ya polistirini. Vinapogusana kwa muda mrefu, kilainishi cha plastiki kinahamia kwenye foamu na ganda linabaki gumu, tayari kupasuka.

Dalili na majaribio

Taa inayojizima baada ya dakika 20 au 30, kisha ikawaka yenyewe ilipopoa, haina balbu mbovu. Ni kikata joto ndani ya kopo kinachofanya kazi yake, na kinakuambia taa imefunikwa au balbu ina wati nyingi kuliko lebo. Kukiruka kwa kuunganisha waya ni kuondoa kinga ya mwisho. Sufi nyeusi kuzunguka kopo si ukungu mara zote. Mara nyingi ni vumbi lililochujwa na hewa inayovuja, ramani ya bure inayoonyesha pa kuziba. Alama ya maji ya duara inayotokea siku kavu huelekeza kwenye mvuke, si kwenye paa.

Kupima, funga milango na madirisha yote, washa feni za kutoa hewa za jikoni na bafuni, zima vifaa vyote vinavyochoma gesi au kuni, kisha pitisha kijiti cha udi polepole chini ya kila taa, mbali na kitu chochote kinachoshika moto. Moshi ukipanda wima, umeziba. Ukisukumwa chini na pembeni, hewa ya darini bado inaingia. Anza kuangalia kwenye ukingo wa nje wa duara, kisha mdomo wa kopo. Fanya jaribio kabla ya kurudisha sufi, kwa sababu kulifukua boksi lililokwisha kuzungushiwa sufi ya milimita 250 ni kazi ya asubuhi nzima.

Kabla ya kushuka, andika kwa kalamu nene kwenye boriti iliyo karibu: aina ya taa, kikomo cha wati, na kama mfuniko hauruhusiwi kufunikwa. Atakayeongeza sufi baadaye hatakuwa na lebo iliyo ndani ya kopo mbele ya macho yake.